Rivyu ya mama wa viazi: kaunti tano, magavana watano, mulika mwizi moja

Watu wanaandikia rivyu kila kitu siku hizi, simu, sofa, hoteli ya samaki pale Dunga, hadi fundi wa kucha, lakini kuna kitu kimoja tunanunua sisi wote kila baada ya miaka mitano, kikikataa kufanya kazi hakuna mahali pa kukirudisha, na sijaona mtu amekiandikia rivyu ya mteja. Si matusi, matusi yako mengi, nasema rivyu, venye ungeandikia jiko la gesi: hii kazi inafanya, hii haifanyi, hapa nilichomeka. Basi wacha nijaribu. Ni rivyu ya huduma za kaunti, na kwa sababu kaunti ni gavana, basi ni rivyu ya gavana pia. Majina ya mahali nimechomeka sitaji, nataka kuendelea kupita hizo barabara kwa amani.

Mimi nauza viazi. Naishi Nakuru, mzigo natoa Molo na Elburgon, saa zingine Mau Narok kama bei ya Molo imepanda. Tunapakia kanta jioni, tunatokea Mau Summit, Londiani, Kericho, tunashuka Ahero na ile joto yake, Kisumu alfajiri, na kama mzigo haujaisha tunapanda na Chavakali mpaka Kakamega. Sasa hesabu hapo vizuri. Nakuru, Kericho, Kisumu, Vihiga, Kakamega. Kaunti tano na mabunge tano na sheria za ushuru tano, na mimi na dereva na turnboi tumezipita zote kabla ya chai ya saa nne. Kwa hivyo nikisema najua tofauti ya gavana na gavana siongei juu ya venye anaongea kwa redio, naongea juu ya venye beria yake inafunguliwa.

Tuanze na hapo kwa beria.

Kuna kitu inaitwa sesi. Ni ushuru wa mazao, unalipia kaunti mahali umetoa mzigo, unapewa risiti, unaenda. Hiyo mimi sina shida nayo, barabara za kule shambani ni za kaunti na zikiwa mbaya kanta inalala kwa matope siku mbili na viazi vinaanza kuota juu yake, kwa hivyo kama pesa yangu inanunua murram nitalipa nikicheka. Shida ni ukitoka. Kuna kaunti moja mahali fulani kwa hiyo safari yangu, walikuwa wameweka beria ya kamba na mawe mawili na kiti cha plastiki, saa nane ya usiku. Nikatoa risiti yangu. Kijana akaimulika na simu, akanirudishia, akasema mathe hii ni ya huko, hapa ni hapa. Nikamwambia kijana yangu, mimi sishushi hata kiazi kimoja hapa, napita tu. Akasema kupita ndio tunalipisha. Elfu moja mia tano. Nikamwambia sawa, nipatie risiti basi, akaniangalia kama mtu amemuuliza swali la mtihani akasema, unataka risiti ama unataka kupita?

Nilitaka kupita. Nikalipa.

Sasa kuna mteja wangu wa chipo, kijana wake anasomea sheria, siku moja nikimlalamikia akafungua Katiba kwa simu akanisomea kifungu cha 209, kile cha ushuru wa kaunti. Kinasema kaunti inaweza kutoza ushuru wa nyumba na mashamba, ushuru wa burudani na mwingine wowote sheria ya bunge imeruhusu, na ada za huduma inazotoa. Halafu hapo chini kuna kipande kidogo cha tano, kinasema hizo nguvu za kutoza zisitumike kwa njia ya kuharibu biashara ya kuvuka mipaka ya kaunti ama usafirishaji wa bidhaa ndani ya nchi. Aki nilimwambia arudie. Hiyo kitu iko kwa Katiba tangu 2010 na mimi nimekuwa nikilipa kamba na mawe! Hapo ndio nilianza kuelewa kwamba sheria ni moja kwa kaunti zote 47, kinachobadilika ukivuka daraja ni nani ameamua kuitii, na huyo "nani" ni mtu tumemchagua.

Kwa hiyo huduma ya beria: kaunti nne kati ya tano naweza kupita bila kupigizana kelele, nyota tatu. Ile ya kamba, sufuri, na wanashukuru siwezi kuweka chini ya sufuri.

Wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu bado wanachanganya. Zamani kulikuwa na halmashauri za miji na za wilaya, yaani council, ndio neno kanjo, la askari na watoza ada wa mji, likatoka huko. Halmashauri zilikufa tukipiga kura Machi 2013, gavana wa kwanza akaingia, kanjo wakabaki. Jina limezidi ofisi umri. Lakini nguvu zilibadilika sana na hapa ndio watu wengi wanapotea, wananunua bidhaa bila kusoma kile karatasi ya ndani ya boksi.

Hiyo karatasi ni Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Niliisoma nikingoja mzigo Elburgon, mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na kitu kingine. Kuna mambo kumi na nne. Kilimo, masoko ya mifugo, machinjio. Hospitali za kaunti na dispensari, ambulensi, makaburi, mochwari, kuzoa taka. Kelele na mabango. Leseni za baa na kamari. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, stendi za matatu, feri. Masoko na leseni za biashara. Shule za chekechea na polytekniki za vijiji. Maji, mitaro ya maji ya mvua. Zimamoto. Na kuna leseni za mbwa, nawaambia ukweli, gavana ndiye anasimamia leseni ya mbwa na hata mahali pa kuzika wanyama, mimi nilicheka mpaka dereva akauliza ni nini.

Sasa angalia kile hakiko hapo. Polisi hakuna. Walimu wa shule ya msingi na sekondari hakuna. Kitambulisho hakuna. Barabara kuu, hiyo ya kutoka Mau Summit mpaka Kisumu, si yake, ni ya serikali kuu. Na sisi mwaka wa kampeni tunauliza nini? Tunauliza usalama, tunauliza barabara kuu, tunauliza kijana wangu ataingia polisi, na yeye mgombea anajua kabisa hizo si zake lakini anaitikia zote, atafanya nini na ni kura. Halafu baada ya miaka mitano tunamlaumu kwa shimo la Salgaa, hapo kwa barabara kuu, na tunamsamehe mtaro wa soko. Shimo la Salgaa hata angetaka si lake. Mtaro wa soko ni wake mia kwa mia.

Niko na binamu yuko Marekani, Milwaukee, jimbo la Wisconsin, tunaongeanga Jumapili. Nikimwambia habari ya gavana anadhani naongea juu ya kitu kama chao. Huko kwao gavana ni karibu rais mdogo. Jimbo liko na sheria zake za jinai, gavana anaweza kusamehe mfungwa, anaamrisha kikosi cha jeshi la akiba cha jimbo, anakataa sheria. Aliniambia kisa kimoja nikadhani ananidanganya, lakini ni cha kweli: 2023 gavana wao Tony Evers alipelekewa bajeti, ndani yake kulikuwa na nyongeza ya pesa ambazo shule zinaruhusiwa kukusanya, ya mpaka mwaka wa masomo wa 2024-25. Na gavana wa Wisconsin ana ruhusa ya kufuta sehemu ya mswada wa pesa. Basi akafuta ile 20 na kile kistari, ikabaki 2425. Nyongeza ya dola 325 kwa kila mwanafunzi kila mwaka, kwa miaka 400! Wakampeleka mahakamani, na 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema ni halali. Kwa kalamu tu jamani.

Yetu haiko hivyo. Gavana wetu hana polisi hata mmoja wa kuamrisha, kusamehe wafungwa ni kazi ya rais, na mswada ukimfikia ana siku 14, asaini ama aurudishe kwa bunge la kaunti na barua ya sababu zake, na wale wawakilishi wakifika theluthi mbili wanaweza kumpita. Binamu akasema basi huyo wenu ni dhaifu. Nikamwambia wewe hujalala kwa soko bila taa.

Kwa sababu nguvu ya gavana wetu si ya kalamu ya miaka 400. Ni ya vitu vidogo vya karibu, vile ukivikosa unavikosa kila siku. Na pesa si kidogo. Katiba inasema kaunti zote pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa, na kwa vitendo imekuwa zaidi ya hapo, mwaka wa fedha wa 2022/23 ziligawana bilioni 370. Nakuru pekee ilikuwa inapata kama bilioni 13. Hapo bado hujaongeza ada yangu ya soko.

Sasa hadithi ya mulika mwizi.

Kuna soko moja, mji mmoja hapa magharibi, mimi hushusha hapo mara mbili kwa wiki na niko na kona yangu karibu na mama wa nyanya na mzee mmoja wa ndizi. Katikati kuna ile taa ndefu ya mlingoti, mulika mwizi. Ilikuwa inawaka vizuri, unafika saa kumi ya alfajiri unaona hata sura ya mnunuzi na noti yake. Siku moja ikazima. Tukasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi, mpaka tukazoea kufanya biashara na tochi za simu mdomoni. Mama wa nyanya akaibiwa kreti mbili. Mimi nikaingia kwa mtaro uliokuwa hauna kifuniko, mguu ukafura nikakaa nyumbani siku tisa na viazi vya watu vimelipwa nusu. Na kila asubuhi, bila kukosa hata moja, kijana wa kukusanya ada alikuwa anafika. Huyo hakuhitaji taa.

Nikakasirika vile mtu hukasirika akiwa na mguu umefura, yaani vizuri. Nikaanza kutafuta mwenye taa.

Kwanza nilienda kwa watu wa stima, nikaambiwa stima iko mpaka kwa mlingoti mama, balbu si yetu. Nikaenda kwa msimamizi wa wodi, mzee mpole sana, alinipatia kiti, akasema taa ni za idara fulani ya kaunti, yeye ameandika barua tatu, akanionyesha nakala, ya kwanza ilikuwa na tarehe ya mwaka uliopita. Nikaenda idara yenyewe makao makuu, nikangoja kwa benchi tangu saa tatu mpaka saa saba, nikaambiwa waziri wa kaunti ni mpya, wa zamani alihamishwa idara nyingine, na yule wa kabla yake alifutwa, kwa hivyo "faili inatafutwa". Nilipata MCA, yaani mwakilishi wetu wa wodi kwa bunge la kaunti, matangani, huko ndio wanapatikana, akaniambia mama mimi pesa ya taa nilipitisha, iko kwa bajeti, uliza watu wa gavana.

Hapo ndio nilielewa ni nini hasa tunanunua. Tunadhani tunanunua mtu mmoja. Kumbe gavana anakuja na kabati lake: anateua mawaziri wa kaunti, hawazidi kumi, bunge la kaunti linawapitisha, na baada ya hapo anaweza kumfuta ama kumhamisha yeyote wakati anataka. Hao ndio wanaoamua balbu. Gavana akileta watu wa kampeni, shemeji, na yule aliyemchangia mafuta ya gari, taa haitawaka hata kama yeye mwenyewe ni mtu mzuri wa kanisa. Na akiwabadilisha kila miezi sita kama nguo, faili inatafutwa milele. Hakuna mgombea nimewahi kusikia akiulizwa kwa mkutano: utamweka nani kwa afya? Utamweka nani kwa masoko? Tunauliza anatoka ukoo gani na anavaa kofia ya rangi gani, chama gani, nani amemshika mkono jukwaani. Hata mimi nilipiga hivyo 2017, sidanganyi, nilipiga kwa sababu jirani yangu alinipatia leso. Leso ilikuwa nzuri, bado niko nayo, inafunika viazi.

Na kuna mwenye anakuja kwa boksi hilohilo na hatumwangalii kabisa, naibu gavana. Mgombea lazima amtaje kabla ya uchaguzi, mnapigia wote wawili kura moja. Tunamwona kama mtu wa kubeba mwavuli. Lakini hapo Bomet, kaunti jirani kabisa na Kericho, Joyce Laboso alichaguliwa 2017, akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini, akafariki Julai 2019, naibu wake Hillary Barchok akaapishwa na kumaliza muda wote uliobaki. Hakuna uchaguzi mdogo kwa gavana kama naibu yuko. Nyeri 2017 hivyo hivyo, gavana alifariki kwa ajali miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Kwa hivyo ukinunua, angalia na tairi ya akiba.

Wengine husema si kuna njia ya kumtoa akiharibu. Iko. Wawakilishi wa wodi theluthi mbili wapige kura ya kumng'oa, halafu Seneti isikize kesi na iamue. Waititu wa Kiambu alienda hivyo Januari 2020, Sonko wa Nairobi Desemba ya mwaka huohuo, Kawira Mwangaza wa Meru akaponea mara mbili, ya tatu Agosti 2024 ikamshika. Lakini usidhani ni rahisi kama kurudisha kiatu kimebana. Pale Kericho, barabara yangu ileile, Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 walipiga kura gavana aondoke. Sasa theluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu juu, kwa hivyo ilitakiwa 32. Ikafika Seneti, wakasema hesabu haijafika, kesi ikaishia hapo. Kura moja! Mimi sisemi gavana alikuwa na makosa ama hakuwa, hiyo si kazi yangu, mimi nilikuwa nashusha viazi. Nasema tu kwamba yule MCA unampigia ukifikiria "huyu ni mdogo, wacha nimpe tu", siku moja anaweza kuwa ndiye yule wa 32, upande wowote.

Mambo mengine ya huduma nitayapita haraka kwa sababu mguu ndio ulinifundisha. Dispensari: nilishonwa na kufungwa bila kulipishwa hongo na yule muuguzi alikuwa na mkono mwepesi, nyota nne, ningetoa tano lakini dawa ya maumivu nilitumwa kununua kwa duka la dawa mkabala na geti, na hilo duka lilikuwa na foleni ndefu kuliko dispensari, jibu unalo. Chekechea: mjukuu yuko ya kaunti hapa Nakuru, mwalimu mzuri, choo kizuri, sina neno. Choo cha soko, hapana, sitaandika juu ya choo cha soko, watu wengine wanasoma hii wakila. Leseni ya biashara siku hizi unalipa kwa simu na ujumbe unakuja hapohapo, hiyo nasifu kabisa, kabla ya hapo ulikuwa unapoteza siku nzima kwa dirisha la mtu amekunywa chai. Gunia: kanuni za viazi za 2019 zinasema kilo 50, na bado kuna madalali wanataka ile ya kuvimba kichwa, mukurino, inafika kilo mia na zaidi, mkulima wa Molo analia. Kaunti ikiamua kusimama sokoni na mizani, mchezo unaisha wiki moja. Ikiamua kuangalia kando, hata kanuni mia hazitasaidia. Nimeona zote mbili kwa macho yangu, kaunti tofauti, mwezi mmoja.

Lakini kuna huduma moja sikuijua kabisa na nataka kuikalia kidogo, kwa sababu ni ya bure na ni kama menyu tumeacha mezani bila kufungua. Kila mwaka kaunti inatengeneza mswada wa fedha, ndio huo unasema sesi itakuwa ngapi, kona ya soko ngapi, choo ngapi, boda ngapi. Na kabla haujapita lazima waite wananchi watoe maoni, wanaita pablik patisipesheni, tangazo linabandikwa kwa ofisi ya wodi na gazetini. Mimi nilikuwa nadhani hiyo ni ya watu wa suti. Yule mzee wa barua tatu ndiye aliniambia mama, wewe unaongea sana, kuja Alhamisi.

Nikaenda na mama wa nyanya, tukafunga biashara mapema. Ukumbi wa watu kama mia mbili. Tulikuwa tisa, na wawili kati yetu walikuwa wamekuja kwa sababu ya soda. Afisa akasoma mswada kwa Kizungu cha haraka kama mnadishaji wa ng'ombe, nikainua mkono nikasema kijana wetu, pole pole na kwa Kiswahili, sisi ndio tutalipa. Akarudia, na tulikuta ada ya kona ya soko imepangwa kupanda kutoka shilingi 50 mpaka 80 kwa siku. Mama wa nyanya akasimama, yeye haongeangi hata, akasema: "Mnaongeza thelathini ya nini na tunauza gizani?" Ukumbi ukanyamaza. Afisa akaandika. Mimi nikataja mtaro, nikavua kiatu nikaonyesha alama, pengine hiyo ilizidi kidogo, lakini waliandika pia.

Sitawadanganya kwamba tulishinda vita. Mswada ulipita na ada ikafika 60, si 80. Ishirini bob tulizookoa kila siku, kwa soko la watu mia nne na zaidi, piga hesabu ya mwaka uone ni pesa ya nani ilibaki mfukoni mwa nani, na ilitoka kwa watu tisa, wawili wa soda. Tungekuwa mia mbili sijui ingekuwa aje.

Kwa hivyo, kwa jumla mimi huyu gavana wa hilo soko nampa nyota mbili na nusu, yule wa kamba na mawe nyota moja ya kwamba angalau vijana wake hawakunitusi, na huyu wangu wa nyumbani sitampa nyota hapa kwa sababu majirani zangu watasema nimelipwa ama nimenyimwa. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimeshaanza kuandika maswali yangu nyuma ya daftari la madeni: nani utamweka kwa masoko, sesi ya mzigo unaopita utafanya nini nayo, naibu wako amewahi kufanya kazi gani, na dawa. Mgombea wa kwanza alipita kwa kona yangu juzi na gari la kelele, nikamuuliza hilo la sesi, akaniambia mama tutaleta kiwanda cha viazi. Nikamwandika hapo chini, kiwanda, alama ya kuuliza.

Ah na taa. Wiki mbili zilizopita tulifika saa kumi ya alfajiri, dereva anakata kona ya soko, tukadhani kumekucha. Mulika mwizi inawaka! Balbu zote nne. Mama wa nyanya alikuwa amesimama chini yake ameweka mikono kiunoni anaangalia juu kama mtu anaota jua. Tukashusha magunia kwa raha, hakuna mtu na simu mdomoni, mzee wa ndizi akapiga hata mluzi. Saa kumi na nusu kanjo wa ada akatokea, siku hizo zingine alikuwa anakuja saa kumi na mbili. Akaja moja kwa moja mpaka kwa kona yangu, akatabasamu, akasema mathe leo nimekuona toka mbali.